Mgeni wa Dakika Kumi na Tisa

Maganda ya kahawa yalikuwa juu ya benchi la wageni, bado yana mate, na ofisini hapakuwa na mgeni.

Adelgunda aliyaona alipogeuka hatimaye. Karibu saa nzima alikuwa ameligeuzia benchi mgongo, macho yote kwenye kompyuta ya Chama cha Msingi cha wakulima wa kahawa pale Rugu, ambayo asubuhi hiyo ya Mei ilikuwa imeamua kujisasisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Skrini ya buluu, vidoa vinazunguka, na maandishi yanayomwamuru asiizime. Nje kulikuwa na manyunyu. Katikati ya kungoja huko alisikia mtu anakohoa nyuma yake, kikohozi kile cha mtu aliyefika na anasubiri kusalimiwa. Akasema karibu, bila kugeuka, akapeleka mkono kwenye kibakuli cha akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ambayo kule Karagwe mgeni hutafuna kwanza, halafu ndipo anaulizwa shida yake.

Kibakulini lilikuwa limebaki tunda moja. Kumpa mgeni kitu cha mwisho ni kama kumwambia aondoke, na kumnyima ni uchoyo, kwa hiyo Adelgunda alilipasua kwa meno, punje moja akaiacha mdomoni, ya pili akaipeleka nyuma. Vidole vilivyoipokea vilikuwa vya baridi. Akasikia mtu anatafuna taratibu, kwa adabu.

Kugawana tunda moja, punje kwa punje, ni jambo la watu wanaokula kiapo cha undugu. Bibi yake alimwambia hivyo mara mia. Lakini niambie wewe, nani anakumbuka mambo ya bibi mbele ya kompyuta inayozungusha vidoa? Alidhani ni mkulima aliyechoka kusubiri. Akafagia maganda, akaendelea na kazi.

Kesho yake kompyuta ilichukua dakika nne kuwaka. Wiki iliyofuata, saba. Msimu ulikuwa umeanza, wakulima wanashusha magunia nje tangu alfajiri, na pasipo kompyuta hakuna stakabadhi, na pasipo stakabadhi hakuna kupima. Mwenyekiti wa chama, mzee Polikarpi, alikuwa akipita dirishani na kuuliza kama imeamka, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Kufikia katikati ya Juni zilikuwa dakika kumi na tisa kamili, kila asubuhi. Adelgunda alibonyeza, akakaa mbele ya giza la kioo, akangoja.

Wakulima wakaanza kunung'unika kwamba karani amekuwa na majivuno. Wanasema shikamoo, haitiki.

Ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole. Alidhani ni baridi. Kisha chai ikakosa ladha, halafu ndizi, halafu nyimbo za kanisani. Hayo yote angeweza kuishi nayo. Lakini Adelgunda alikuwa na binti wa miezi saba, Mackrine, aliyempata baada ya miaka minane ya kwenda hospitali na kurudi mikono mitupu. Mumewe, Egbert, alifanya kazi ya lori upande wa Murongo na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtoto alilelewa na mama mkwe, Costansia, ambaye kila siku saa nne asubuhi alimleta ofisini kunyonya. Siku moja alimleta, mtoto akacheka kwa meno yake mawili na kurusha mikono, na Adelgunda akamtazama kama mtoto wa jirani. Alijua anampenda. Alijua hivyo kama mtu anavyojua jina la mkoa wake. Alitafuta ndani yake mahali penyewe, akakuta hapana kitu, na hata kukuta hapana kitu hakukumuuma.

Wiki hiyo maziwa yalikauka. Costansia akaanza kumpa mtoto uji, na kumtazama mkwe wake kwa jicho la pembeni.

Mzee Polikarpi aliita fundi kutoka Kayanga. Elick alikuwa mtu mzima mwenye maneno mengi, aliyecheka kabla hujamaliza kueleza tatizo. Akasema ni ugonjwa wa kawaida baada ya masasisho. Alizima programu zinazojiwasha zenyewe, akafuta takataka, akayaondoa masasisho yenyewe. Dakika kumi na tisa. Siku ya pili akabadilisha diski, akahamishia kila kitu kwenye mpya kabisa. Dakika kumi na tisa. Siku ya tatu alikaa na Adelgunda tangu inapobonyezwa hadi inapofunguka, na simu yake aliiegemeza dirishani inarekodi.

Ilipofunguka, alichukua simu akaitazama peke yake kwanza. Hakucheka.

"Dada Ade," alisema kwa sauti ya chini, "mashine haina tatizo."

Akamweleza kwamba kompyuta huandika yenyewe muda inaotumia kuwaka. Ilikuwa imeandika sekunde ishirini na sita. Jana ishirini na sita, na kila siku kurudi nyuma mpaka ile ya Mei. Alidhani kumbukumbu inadanganya, ndiyo maana akarekodi.

Akamwonyesha. Kwenye picha Adelgunda anabonyeza, anakaa, na sekunde ya ishirini na sita skrini inafunguka nyeupe kama kawaida, iko tayari. Lakini wale wawili walio mbele yake hawajongei. Wamekaa mikono magotini, macho wazi, mbele ya kompyuta iliyokwisha kuwaka, dakika ya pili, dakika ya tano, na mkulima mmoja anaingia, anasalimia, anasalimia tena, anapitisha kiganja mbele ya uso wa Adelgunda, anaondoka akitikisa kichwa, na dakika ya tisa taya zao zinaanza kwenda, polepole, zote kwa pamoja, juu chini, wanatafuna na midomo yao haina kitu, na nyuma yao, kutoka kwenye lile benchi ambalo kwenye picha liko tupu na jua limelipiga lote, inasikika sauti ya mtu wa tatu anayetafuna kwa raha zake, aliyeshiba nusu, asiye na haraka ya kwenda popote.

"Tunatafuna nini?" Elick aliuliza.

Hakusubiri jibu. Alikusanya vyombo vyake, akavifunga kwenye pikipiki, na mpaka leo hajaja kudai ujira wake. Adelgunda alibaki ameshika kiti. Alijua hapa ndipo mtu huogopa. Aliusubiri woga, kwa uaminifu kabisa, nao haukuja.

Alimsimulia mama mkwe jioni hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja mvua. Costansia alisikiliza, akamsogeza mtoto kifuani kwake, akauliza swali moja tu, kama kuna mtu alipewa kahawa. Alipojibiwa hakulala. Kulipokucha walipanda bodaboda kwenda Kituntu, kwa mama mmoja aitwaye Benadeta.

Benadeta aliimba kwaya ya Kilutheri na hakupenda kabisa kuitwa mganga. Walimkuta analima maharage. Aliwaitikia shikamoo zao, akaendelea kulima wakati Costansia anaeleza, mpaka lilipotajwa tunda la kahawa. Hapo jembe lilisimama.

"Ulimpa zima au mligawana?"

"Tuligawana," Adelgunda alisema.

Benadeta akakaa chini, kwenye majani makavu ya migomba. Aliwaeleza kwamba mgeni aliyetafuna kwako hafukuzwi, na ukimfukizia ubani au kumkemea utakuwa umemtukana bure. Huyu zaidi, maana ana fungu halali. Kila cha Adelgunda nusu ni chake, naye alikuwa anakula nusu yake kila asubuhi, saa ile mwenyeji anapokaa kumngoja. Alianza na vitu vya pembeni kwa sababu ana adabu. Alikuwa ameshafika kwa mtoto, na akimaliza hapo hatabakiza kitu. Njia ni moja tu. Mwenyeji mwenyewe, kwa miguu yake, amsindikize mgeni wake mpaka barabarani, kama wanavyosindikizwa wageni wote, amuage, ageuke.

"Mwambie safari njema," Benadeta alisema. "Neno jingine usiongeze. Hata moja."

Asubuhi iliyofuata, kabla kompyuta haijawashwa, Adelgunda alisimama mbele ya benchi na kusema mgeni twende nikusindikize. Alitoka. Benadeta na Costansia, aliyembeba Mackrine mgongoni, walifuata hatua ishirini nyuma, na yaliyoonekana pale yalionekana na hao wawili. Kando ya Adelgunda nyasi zenye umande zilikuwa zinalala chini, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa mtu mzito anayetembea bega kwa bega na rafiki yake, na harufu ya kahawa iliyochemshwa ikawa inakuja nzito, nzito zaidi, mpaka ikawa si ya kahawa tena bali ya mdomo wa mtu aliyeitafuna, na mbuzi waliofungwa kwenye kibanja cha jirani wakavuta kamba zao mpaka mwisho wakasimama wamegeuza nyuso, na mtoto mgongoni kwa bibi yake, aliyekuwa analialia tangu nyumbani, akanyamaza ghafla na kuinua shingo kutazama pale pasipo na mtu, juu kidogo kuliko kichwa cha mama yake, na kulifuata kwa macho hilo alilolitazama, hatua kwa hatua, hadi barabarani.

Barabarani nyasi ziliishia. Adelgunda akanyoosha mkono, na Costansia akaona vidole vya mkwe wake vimebonyea, kama vimeshikwa.

"Safari njema," Adelgunda alisema.

Mkono haukuachiwa. Ulibaki umeshikwa, kama vile mgeni hana haraka, kama anangoja kitu ambacho wageni wote huambiwa. Na Adelgunda, ndani yake hamkuwa na woga wa kumzuia, wala upendo, wala akili ya kukumbuka alichoonywa. Kilichobaki kilikuwa adabu tu, maana hiyo haihitaji moyo, mdomo unaifanya wenyewe.

"Karibu tena," akasema.

Vidole vikaachiwa. Benadeta hakufoka. Alijifunga kanga vizuri, akasema ana maharage yake, akasimamisha bodaboda.

Lakini mgeni alikuwa ameondoka kweli, na walipofika kwenye geti la ofisi Adelgunda alisimama akashika kifua. Blauzi ilikuwa imelowa. Maziwa yalirudi kwa nguvu mpaka yanauma, na maumivu hayo yakawa kitu cha kwanza alichokisikia tangu Mei. Akampokea mtoto mgongoni kwa bibi yake akakaa naye chini palepale kwenye vumbi, akamnyonyesha mbele ya wakulima wote, analia kwa sauti, na hakuona aibu. Alimpenda mtoto yule mpaka akahisi atamdondosha. Costansia naye akalia. Aliamua kwamba yale maneno mawili hayakusikiwa na mtu.

Kompyuta sasa inawaka kwa sekunde ishirini na sita. Mzee Polikarpi anamsifu fundi.

Wiki mbili zilipita, wiki nzuri kuliko zote alizowahi kuishi. Halafu Jumamosi moja jua likiwa limeshachomoza, Adelgunda aliingia chumbani kumchukua Mackrine, akamkuta amelala chali, macho wazi. Alimwita. Mtoto alimtazama moja kwa moja na hakumwona. Alimnyanyua, akamtekenya, akampulizia usoni. Mwili ulikuwa wa moto, pumzi inaingia na kutoka, na mwenyewe hayupo. Baada ya dakika nne Mackrine alipepesa, akacheka, akataka kunyonya.

Jumapili zilikuwa dakika sita.

Sasa woga ulikuwepo wote. Alimpigia Benadeta simu. Benadeta akasema kwa upole kwamba mgeni alikaribishwa, naye amerudi, akakuta ziwa limejaa. Nusu ya maziwa yale ilikuwa yake. Mtoto ameinywa. Kwa hiyo sasa waliogawana ni wao wawili, mgeni na Mackrine.

"Nitamsindikiza tena," Adelgunda alisema. "Leo hii. Sitafungua mdomo."

"Wewe si mwenyeji wake tena," Benadeta alisema. "Ni mtoto. Amsindikize yeye, kwa miguu yake, amuage kwa mdomo wake."

Mackrine alikuwa na miezi tisa.

Adelgunda hajarudi kazini. Ukipita Rugu asubuhi utamwona uani kwake ameinama, mgongo umepinda, amemshika binti yake vidole viwili viwili anamsimamisha, anamsogeza mguu mmoja kuelekea njia ya barabarani, kisha mwingine, na anamsemesha maneno yale mawili tu, safari njema, safari njema, hamfundishi hata kusema mama. Watu wanamwona mkatili. Mtoto huchoka, hulia, magoti hulegea, naye anambusu na kumsimamisha upya, kwa sababu kila siku saa za kumfundisha zinaanza kwa kuchelewa zaidi.

Jana Mackrine alipiga hatua yake ya kwanza bila kushikwa. Leo imemchukua dakika kumi na nne kumwona mama yake.