Friji Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi jiko la Ok-ja lilinukia mafuta ya ufuta hadi mtaa wa pili wa mji wa Jeonju. Ilikuwa biashara ya jamii. Wapishi wake walikuwa wanawake wazee ambao hakuna aliyetaka kuwaajiri, na chakula chao kiliwafikia wazee wanaoishi peke yao.

Majira ya joto yalipoanza, friji kubwa likafa. Chakula kikawa kinachacha, na Ok-ja akalazimika kuacha kuwapelekea wazee wa kilimani. Bila friji, jiko lingefungwa.

Hata hivyo, maofisa wa mji walipokuja kutazama nani asaidiwe, Ok-ja alitundika pazia mbele ya friji bovu. Aliazima friji la jirani yake Seok-ju, muuza tambi, akaandaa meza iliyojaa. Kwake, kulia shida mbele ya wageni ilikuwa aibu. Wageni walikula, wakasifu, wakaondoka. Msaada ukaenda kwingine.

Seok-ju alipokuja kuchukua friji lake, alimkuta Ok-ja amejiinamia.

"Shangazi," alimwambia, "mimi nilifanya kazi ofisi ya wale maofisa. Unadhani wanamtafuta nani?"

"Anayefanya vizuri."

"Huyo anasimama mwenyewe. Wanatafuta kazi inayofaa watu, ila inachechemea. Tena waone kwamba ikitibiwa hapo inapouma, itatembea. Hawamwagi hela kwenye shimo lisilo na mwisho."

"Kwa hiyo nijianike?"

Bibi Pan-rye, mpishi mkongwe kuliko wote, alidakia huku akikata figili. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Na wewe umeuficha kwa pazia la maua."

Hata Ok-ja alicheka. Seok-ju akamweleza kwamba ofisi bado inapokea maombi hadi mwisho wa mwezi. Ok-ja akapiga simu.

Safari hii aliwapa wageni chai ya shayiri tu, kisha akalivuta pazia mwenyewe. Aliwaambia friji limekufa lini, wazee gani wanakosa chakula, na jinsi jiko litakavyojiendesha likipona. Ofisa mmoja alimuuliza kwa upole kwa nini hakusema mapema. Ok-ja akamwongezea chai.

Friji jipya lilipowasili, Bibi Pan-rye alilikumbatia. Alikuja pia mtaalamu aliyewafundisha kupanga bei zisizowaumiza. Ok-ja alilala usingizi aliokuwa ameusahau. Vikasha vya chakula vya kilimani vikaanza kurudi vimeoshwa, na ndani mna pilipili mbichi, kwa kuwa kule hakuna anayerudisha chombo kitupu.

Mwaka uliofuata maofisa walirudi. Ok-ja aliwaonyesha friji linalonguruma na wapishi wawili wapya.

"Sisi mwaka huu tumeshiba," aliwaambia. "Nendeni kwa wafua nguo pale chini. Watawaambia mambo ni mazuri. Msiwaamini. Chungulieni nyuma ya pazia lao. Ni langu, waliliazima kwangu jana."