Bingo ya Wasiwasi: Siri Yangu Ilisomwa Kwenye Kipaza Sauti

"Nafika kwenye reli, treni hakuna... lakini mguu wangu unakataa kuachia breki, na moyo unapiga mpaka nausikia masikioni!"

Kahawa ilinimwagikia mapajani na wala sikusikia moto.

Hiyo ilikuwa siri yangu, jamani. SIRI YANGU! Na aliyekuwa anaisoma kwenye kipaza sauti, mbele ya madereva thelathini na familia zao, ni Lorna, shoga yangu wa miaka tisa.

Tena anatabasamu!

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikiwa na hasira huwa naruka mambo.

Naitwa Nadine. Naendesha basi la shule namba kumi na nne, huku kaskazini mwa Minnesota. Sheria yetu ni kwamba ukifika kwenye reli unasimama, unafungua mlango, unasikiliza, ndipo uvuke. Miaka tisa nimefanya hivyo bila shida yoyote.

Tangu Novemba, nikifungua ule mlango nasikia treni ambayo haipo. Mikono inatoka jasho kwenye baridi ya kugandisha ndevu. Watoto wanaulizana, mpaka kuna siku kamoja ka darasa la pili kakaniuliza:

"Bi Nadine, tunamsubiri nani?"

Ningemjibu nini?

Na ningemwambia nani? Bosi wetu Merle? Thubutu!

Msimu wa baridi uliopita dereva mmoja, Curtis, alikiri kwamba kifua kinambana akiona theluji barabarani. Merle akamjibu mbele yetu wote, "Basi haliendeshwi na waoga." Akamtoa kwenye basi, akampa ufagio afagie gereji. Curtis alivumilia wiki tatu, akaacha kazi.

Kwa hiyo nilimwambia Lorna peke yake. Tulikuwa wawili kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, nikalia mpaka samaki wakamaliza chambo. Lorna akanishika mkono.

"Haitoki hapa, shoga."

Haitoki hapa, eh?

Mwezi huu wilaya ikaagiza kila gereji ifanye jambo kuhusu wasiwasi. Lorna akajitolea.

"Watu wa huku ukiwaambia wafungue moyo, wanakimbia," aliniambia. "Waambie kuna bingo na paja zima la nguruwe, watakuja mpaka na bibi zao."

Akaweka boksi karibu na birika la kahawa. Kila mtu aandike wasiwasi wake kwenye karatasi, bila jina. Yeye akazichapa kwenye kadi, kila kadi na mchanganyiko wake. Siku ya bingo anasoma mmoja mmoja, na kama wasiwasi huo umewahi kukupata, unaugonga muhuri kwenye kadi yako. Ukipata mitano kwenye mstari mmoja, unapiga kelele "Bingo!" na nyama ni yako.

Mimi niliandika eti naogopa bata bukini. Uongo mtupu!

Jumamosi saa sita mchana tukajaa ukumbi wa chini wa kanisa. Mwanzoni ilikuwa raha kwelikweli.

"Nafanya mazoezi ya maneno kabla ya kupiga simu kuagiza piza!"

Watu wakaangua kicheko. Mihuri pa, pa, pa!

"Nimerudi nyumbani mara tatu kuhakikisha nimezima jiko!"

"Mara tatu tu?" mama mmoja akapaza sauti. "Wewe mgeni!"

Lakini zikasomwa karatasi ishirini na hakuna aliyesema bingo. Nikachungulia kadi ya jirani yangu. Mistari miwili imejaa! Kaifunika na sahani, anatafuna zake keki kama hajui lolote. Na mimi mstari wangu ulikuwa umejaa, naona aibu kuinuka.

Maana Merle alikuwa amekaa pale mlangoni, mikono kifuani, kadi yake nyeupe kabisa. Nani atangulie?

Ndipo Lorna akasoma ile ya reli.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Mnafiki mkubwa wewe!"

"Nadine?"

"Usiniite Nadine! Nilikwambia nikilia! Reli yangu, mguu wangu, moyo wangu... umeuza kwa bingo!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Lorna akawa mweupe kama karatasi. Na hapo ndipo nikagundua nilichofanya. Karatasi haikuwa na jina. Jina nimelitia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya bosi.

Merle akainuka.

Nikasema basi, kazi imekwisha. Miaka tisa inaishia kwenye ufagio.

"Nadine, kaa."

"Sikai! Nipe huo ufagio nijue moja!"

"Kaa, mama. Ile karatasi ni yangu."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Yako kivipi?"

"Niliiandika mimi. Reli ileile ya barabara ya ziwani. Miaka miwili sasa."

Merle! Aliyeendesha miaka thelathini na moja, akahamia kazi ya mezani akisema mgongo unamuuma.

"Na mgongo?"

"Mgongo mzima."

Mngetegemea nimwonee huruma, sivyo? Wala! Damu ilinichemka upya.

"Na Curtis je?"

Akaanza kukunja ile kadi yake nyeupe.

"Nakuuliza, Merle! Curtis je?!"

"Alipoanza kusema... niliona watu watanijua na mimi."

"Kwa hiyo ukamtupa yeye! Ugonjwa wako, ufagio wake!"

Nikamrushia muhuri. Ukampata kifuani, shati zima wino wa zambarau. Hakujifuta hata.

Kisha yule jirani yangu akaondoa sahani juu ya kadi yake.

"Bingo," akasema kwa sauti ndogo.

Kutoka meza ya nyuma mtu mwingine, "Bingo." Wakafika kumi na mmoja. Lile paja ikabidi likatwe palepale, na watu wakaanza kusimuliana. Dereva wa basi namba sita hulala na simu mkononi. Mpishi wa shule hutapika kila Jumapili usiku akiiwaza Jumatatu. Wanacheka, wanafuta machozi, wanaongeza haradali.

Mimi nikamgeukia Lorna.

Alikuwa anavaa koti.

"Nilidhani umeiandika wewe," aliniambia. "Nilifurahi, Nadine. Nikasema afadhali, rafiki yangu ameamua kusema. Ndiyo maana nilitabasamu."

"Lorna, mimi..."

"Hukuniuliza hata swali moja."

Akaondoka.

Jumatatu Merle alimpigia Curtis mbele yetu. Akaomba msamaha kamili, bila kujitetea. Curtis akasikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Safi sana, Curtis! Ningekuwa mimi, hata mwisho nisingefika.

Basi langu sijanyang'anywa. Nimeanza kumwona daktari, na kwa sasa mwenzangu mmoja ananishikia usukani njia ya asubuhi, mimi nakaa kiti cha mbele mpaka tuvuke. Merle naye anamwona daktari huyohuyo. Tukisubiri zamu zetu hatukai viti vya kupakana, kwa sababu bado nina hasira naye.

Wasomaji wangu, chezeni bingo hii kazini kwenu. Inafanya kazi, nimeiona. Kicheko kilifungua watu ambao mahubiri yamewashinda. Ila mwenye cheo ndiye agonge muhuri wa kwanza. Mkubwa akikaa mlangoni na kadi nyeupe, wadogo watafunika zao na sahani mpaka wafe nazo.

Na wewe unayeficha hofu yako kama mimi, hasira hasara. Nilimnyamazia mtu aliyemtupa mwenzetu nje, nikamtukana aliyenishika mkono.

Nimempigia Lorna simu mara kumi na saba. Hapokei.

Lorna, najua husomi habari za watu, lakini binti yako anasoma. Mwambie akuonyeshe hii. Mimi niko kwenye maegesho nje ya nyumba yenu, injini inawaka, na safari hii sisubiri treni yoyote. Nakusubiri wewe.