Kufuli la Mama

Rafiki yangu Qiaozhen si mtu wa kutia chumvi. Mama yake alipozidiwa na ugonjwa, Qiaozhen alipanda hadi hekalu la Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina, lililo kileleni mwa mlima, akafunga kufuli lenye jina la mama kwenye mnyororo wa ukingoni mwa genge, kando ya makufuli ya watu wengine, ili uhai usimtoroke.

"Tupa ufunguo bondeni, binti," mtawa mzee alimwambia. "Asije mtu akalifungua."

"Nani ataufuata huko, babu? Labda mbuzi mwenye mabawa!"

Akaurusha. Akatega sikio, lakini haukusikika ukianguka.

Ghafla ukungu ukatanda, mchana ukawa giza. Mbali kwenye mnyororo kufuli likafunguka: ta! Jingine, karibu zaidi: ta! Akalikumbatia la mama yake kwa viganja viwili. Lililo kando yake: ta! Kisha kimya.

Akafumbua viganja. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Tunduni mlikuwa na ufunguo ule ule, umelowa, unazunguka taratibu.