Kicheko Tulichokikata

Kila jioni nikirudi madrasa, kabla hata sijavua mtandio, mama alinipa simu yake kwa nusu saa. Nusu saa, si dakika moja zaidi. Binamu yangu Haidar alikuwa keshafika, amekaa kwenye ngazi ya uani ananisubiri. Mimi nilikuwa darasa la saba, yeye kidato cha kwanza, na kwa sababu ya ule mwaka mmoja alinisemesha kana kwamba nimezaliwa jana. Tulikuwa na chaneli ya video mtandaoni. Tuliiita Uani Kwetu. Mama ndiye aliyetufungulia kwa jina lake, na alitoa sharti moja tu: mtu asiyeulizwa asionyeshwe.

Tulionyesha mambo ya nyumbani. Kusuka ukili wa mikeka, kukuna nazi bila kujikwangua vidole, namna shangazi anavyompiga pweza mpaka alainike. Tulikuwa na wafuatiliaji kumi na saba, na tisa kati yao walikuwa ndugu zetu.

Jambo hilo lilimkera Haidar, na nisijitoe, lilinikera na mimi. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kerege aliyekuwa akiwatia watu hofu barabarani kwa nyoka wa mpira, naye alitazamwa na maelfu. Sisi tulikaa siku tatu tunarekodi ukili, tukaambulia watazamaji thelathini. Haidar alisema watu hawataki nazi, wanataka shari. Nilimwambia aache upuuzi. Lakini neno lile liliniingia.

Mwezi huo jirani yetu, Mzee Mwinyimvua, alifariki. Alikuwa mshona kofia, mtu mpole, ila alikuwa akikoroma hata nyumba ya tatu wakamsikia. Alimwacha mkewe, Bi Mina, na binti yao, Lulu, aliyeolewa Msata. Lulu alikuwa amejifungua wiki ileile na daktari hakumruhusu kusafiri. Alinipigia kwenye simu ya mama analia, akaniomba nimrekodie siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, ili naye ajione yupo msibani kwa baba yake. Mama akanipa simu asubuhi nzima.

Sasa lazima niwaeleze habari za Bi Mwanajuma. Huyu ni mama mtu mzima anayeuza chapati kwenye kona ya mtaa wetu. Amezaliwa hapahapa Bagamoyo, lakini baba yake alikuwa Mnyamwezi, na sisi ni Wazaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kukwambia lolote na hukasiriki, na msibani ana kazi yake maalumu: kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke. Bila mtani, msiba huwa mzito mno.

Basi siku ile Bi Mwanajuma aliingia uani amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, ameshika bakora, anatembea kwa kuchechemea vilevile kama Mzee Mwinyimvua. Akakaa kwenye mlango wa jiko, akazuia pilau isipakuliwe mpaka apewe kuku. Kisha akapaza sauti.

"Afadhali umekwenda, mzee! Miaka thelathini mtaa huu haujalala kwa mikoromo yako. Leo tutalala!"

Bi Mina alikuwa ndani, nyuma ya dirisha la uani, kwa sababu alikuwa ameingia eda. Alikuwa hajatia kitu mdomoni siku tatu. Ghafla tukasikia kicheko chake kupitia pazia, kicheko cha mtu aliyezidiwa, anacheka huku analia. Halafu akasema, "Mpeni kuku wake huyo mshenzi, na mimi nileteeni chakula." Akala. Wanawake wote pale uani walishusha pumzi.

Nilirekodi yote, dakika tatu na nusu. Nikamtumia Lulu. Alijibu kwamba amesikiliza kicheko cha mama yake mara nne.

Ingeishia hapo, ningekuwa sina la kuwasimulia. Lakini jioni Haidar aliiona ile video, akasema hii ndiyo. Nikamwambia si yetu, ni ya Lulu. Akasema Lulu keshaipata, haipungui. Nikamwambia basi tuiweke yote. Akatikisa kichwa.

"Kicheko kinaharibu," alisema. "Mtu akimsikia mjane anacheka, atakasirikia nini?"

Hapo ningemnyang'anya simu. Sikumnyang'anya. Na tena Haidar hakujua kukata video. Anayejua ni mimi. Nilikata mimi, kwa kidole changu hiki. Nilibakiza sekunde kumi na tano: Bi Mwanajuma ndani ya kanzu ya marehemu, akisema afadhali umekwenda. Haidar akaandika kichwa: "Mama huyu afurahia kifo cha jirani yake Bagamoyo." Nilijiambia si kitu, nani asiyejua utani? Mtaani kwetu hata mtoto wa chekechea anajua mtani ni nani. Sikufikiri kwamba wanaotazama si mtaa wetu.

Kesho yake walikuwa wametazama watu elfu sita. Ijumaa walifika elfu arobaini na moja, na wafuatiliaji wetu wakapita elfu moja na mia tisa. Haidar alirukaruka uani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mimi pia niliruka, nawaambia kweli, niliruka. Kisha nikaanza kusoma maoni.

Mchawi. Hana haya. Afukuzwe. Watu wa mikoa ambayo hatujawahi kuikanyaga walikuwa wakimlaani mwanamke ambaye alinipa chapati ya bure kila siku ya mtihani. Mmoja akauliza anauzia wapi. Mwingine, anayejua mji wetu, akaielekeza ile kona mpaka na rangi ya ukuta. Nilifunga simu, nikamrudishia mama kabla ya nusu saa kwisha. Sikumwambia kitu. Hilo nalo naliweka kwenye hesabu ya makosa yangu.

Jumatatu asubuhi nilitumwa chapati za chai. Nikakuta wateja wawili tu, mahali ambapo kawaida mtu anapanga foleni. Nyumba moja ya wageni kule ufukweni ilikuwa ikichukua chapati arobaini kila asubuhi, na asubuhi ile walikuwa wamepiga simu kusema asilete tena. Hawakusema kwa nini. Bi Mwanajuma alikuwa ananipunguzia moto wa chuma ili zangu zisiungue, gari moja likasimama. Akateremka mwanamume nisiyemjua, akamtazama, akamuuliza kama ndiye yule anayefurahia watu kufa. Hakungoja jibu. Alimtukana tusi la mama, akalipiga teke beseni la unga, akapanda gari lake akaondoka.

Unga ulimwagika mpaka barabarani. Bi Mwanajuma aliinama kuuzoa kwa mikono miwili, wote umeshachanganyika na mchanga. Yeye ana kile kisimu kidogo cha kitochi, hana mtandao. Hakujua chochote.

"Samia mwanangu," aliniuliza, "yule nimemkosea nini?"

Nilichukua chapati zangu nikaondoka. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Mpaka leo nikiikumbuka ile kona najichukia, na nikimkumbuka yule mwanamume wa gari nachemka, kisha najichukia tena kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma bila kumjua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Haidar nikamwambia tuifute. Alikataa. Alisema tukifuta wafuatiliaji wote watatukimbia, na maneno ya mtandaoni hayaui mtu, baada ya wiki yatasahaulika. Nikamwambia unga umemwagika, chapati arobaini hazinunuliwi, bibi wa watu ataishi kwa nini? Akasema nisipige kelele. Nilimwambia nitapiga, na nilipiga, mpaka mama yake akatoka. Kisha nikarudi nyumbani nikamweleza mama mambo yote, tangu kidole mpaka unga.

Mama hakunipiga. Ingekuwa nafuu angenipiga. Aliitazama ile video mara moja, akaifuta, akajifunga ushungi, akatushika mimi na Haidar akatupeleka kwa Bi Mina.

Mimi na mama tuliingia ndani. Haidar, kwa kuwa alikuwa keshabalehe na mjane aliye kwenye eda haonwi na wanaume wa nje, ilibidi asimame uani, chini ya lile dirisha lenye pazia. Mama alimsimulia Bi Mina. Nilimwona akikunjika uso taratibu. Nilikuwa simfahamu Bi Mina mwenye hasira. Nilimfahamu siku ile. Alizungumza kwa sauti ya kumfikia na yule aliye nje.

"Mimi nimo humu miezi minne na siku kumi. Siwezi kusimama barabarani nikamtetea mtani wangu, na ninyi mlilijua hilo. Kicheko changu ndicho kilikuwa shahidi wake. Mmekikata mkakitupa."

Nje nilimsikia Haidar akivuta kamasi. Bi Mina akaendelea kusema kwamba uso wake hautaonekana na mtu, lakini sauti anayo, na ataitumia. Kwanza, hata hivyo, twende tukamwambie Mwanajuma kwa midomo yetu, leo hii, kabla hajaambiwa na mwingine.

Tulimkuta anafunga meza mapema, chapati zimebaki rundo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilisema mimi, kwa sababu kidole kilichokata ni changu. Bi Mwanajuma alisikiliza mpaka mwisho, akafunika chapati zake kwa kitambaa, akasema, "Nimesikia." Akabeba meza yake akaingia ndani. Hakututukana. Hakututania. Nilitamani mno anitanie.

Usiku huohuo tuliomba ruhusa kwa Lulu, na kwa Bi Mwanajuma kupitia mama, tukapandisha video nzima ya dakika tatu na nusu pamoja na kicheko. Mwanzoni tulikaa mimi na Haidar mbele ya simu, nyuso wazi, tukataja majina yetu, tukaeleza utani ni nini, tukasema tulikata na kwa nini tulikata. Mwishoni iliwekwa sauti ya Bi Mina kutoka nyuma ya pazia, akieleza kwamba maneno ya Mwanajuma ndiyo yaliyomfanya ale.

Mnajua waliitazama watu wangapi? Mia mbili na kumi na mbili. Uongo elfu arobaini na moja, ukweli mia mbili na kumi na mbili. Wale waliomwita mchawi hawakurudi kusema samahani. Walikuwa wameshahamia kwa mtu mwingine wa kumlaani. Wafuatiliaji wakaanza kutukimbia mamia kwa mamia. Haidar alipiga ngumi ukutani mpaka akachubuka. Mama akasema vizuri, ikiwa simu haifiki, miguu itafika.

Basi tulitembea. Mlango kwa mlango, mtaa wetu na ule wa pili, sokoni, na kule ufukweni kwenye nyumba ya wageni. Mpishi wa pale, mama wa Pangani, alitazama video yote akiwa amesimama. Kilipotoka kile kicheko cha Bi Mina, alifunika mdomo kwa kanga. Aliuliza maswali machache, akakiri kwamba hakumuuliza Mwanajuma hata neno kabla ya kuzikataa chapati zake. Kesho yake akaagiza tena chapati arobaini.

Mama hakuridhika. Alituamuru tumfanyie kazi Bi Mwanajuma mwezi mzima. Kila alfajiri, kabla ya shule, tulikanda unga, na Haidar akapeleka ndoo ya chapati ufukweni kwa miguu. Wateja walirudi mmoja mmoja. Bi Mwanajuma alitufundisha kukanda, alitupa chai, alitujibu salamu. Lakini mwezi mzima hakututania hata mara moja. Kwa mtani hiyo ni adhabu kubwa kuliko bakora, na niliistahili.

Siku ya mwisho nilikuwa nakanda huku machozi yananilenga. Alisimama juu yangu akanitazama.

"Mzaramo wewe," alisema, "huo unga umekukosea nini? Mbona unaupiga hivyo?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Haidar aliweka ndoo chini. Bi Mwanajuma akavuta kigoda akakaa, akatuambia tumsikilize vizuri kwa sababu hatarudia.

"Mimi nimetukanwa na Wazaramo tangu sijaota meno, na sijawahi kukasirika. Mtani ananitukana ananitazama usoni, nami namrudishia, tunamalizana. Ninyi mlinipeleka kwa watu nisiowaona, wasionijua, mkawapa nusu ya maneno yangu, na mimi sikuwa na mahali pa kuwajibu. Huo si utani, wanangu. Huo ni uongo, hata kama kila neno ndani yake nimelisema mimi. Mkitaka watu wawatazame, waonyesheni kitu kizima. Wakija kumi, hao kumi ni wenu."

Haidar alisema tumebaki na wafuatiliaji sitini na nne. Bi Mwanajuma akasema sitini na nne ni wengi, hata chapati za siku haziwatoshi. Kisha akainuka, akajipangusa unga kwenye kanga.

"Na siku nikifa mimi," aliniambia, "wewe ndiye utakayevaa kanga zangu na kuniigiza pale uani. Niigize vizuri, nitukane utakavyo. Wakicheka wanangu, ole wako ukikikata kicheko chao."

Nilimwambia sitakikata. Akanikabidhi donge jingine la unga nikaendelea kukanda.