Mifuko Mia Tatu ya Kayal

Kila asubuhi kabla ya shule, Kayal alifagia mbele ya duka la viatu la baba yake, akachora maua kwa unga wa mchele mlangoni, kisha akapangusa rafu. Vumbi lilikuwa jingi, maana viatu vyenyewe havikuguswa na mtu. Duka lilikuwa na miezi minne tu hapo mjini Kumbakonam, kusini mwa India, na wateja wake walikuwa wa kuhesabika.

"Dipavali, sikukuu ya taa, ikipita hivi hivi, nafunga," alisema baba yake, Bwana Ilango. "Narudi kiwandani Chennai. Nyie nitawaona mara moja kwa mwezi."

Kayal alikuwa na miaka kumi na miwili, na alimpenda sana baba yake. Kumwona mara moja kwa mwezi, kwake, ilikuwa sawa na kutomwona kabisa.

Basi Baba akaamua kwamba kila atakayenunua viatu msimu ule atapewa mfuko wa kitambaa bure, ili jina la duka litembee mjini. Akaandika kwenye karatasi: mifuko mia tatu, jina la duka, picha ya makubadhi.

"Mpelekee Mzee Arokiasamy, mchapaji. Usiongeze, usipunguze."

Usiongeze! Alikuwa akimwambia nani? Njiani Kayal alipita duka la sonara, limejaa watu mpaka nje. Kila aliyetoka alibeba mfuko wenye picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, ameketi juu ya yungiyungi huku sarafu za dhahabu zikimwagika mkononi mwake. "Kumbe siri ndiyo hii," Kayal alijisemea. "Makubadhi yatamvutia nani?"

Alipofika kwa mchapaji, karatasi ya Baba ilibaki mfukoni.

"Baba anataka picha ya Lakshmi, Mzee. Kubwa, ya rangi ya dhahabu."

Mzee Arokiasamy alishusha miwani. "Kwenye mfuko wa viatu? Mimi Mkristo, mwanangu, lakini hata mimi nasita. Una hakika?"

"Baba ndiye kasema," Kayal alijibu, macho makavu.

Mifuko ilifika Jumamosi, robota zima, wakati mteja wa kwanza akilipa. Alikuwa Bibi Saroja, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele ya shule. Baba alichomoa mfuko bila kuutazama, akaanza kutumbukiza viatu.

"Weee! Toa! Toa viatu humo!"

"Ni vipya, Mama, havijakanyaga hata..."

"Hata viwe vya dhahabu! Unamtia Lakshmi viatu usoni?"

Baba alitazama picha, akavichomoa viatu haraka. Bibi Saroja aliugusisha mfuko machoni kwa heshima, akaukumbatia ukiwa mtupu, akaondoka viatu vikining'inia kwenye vidole.

Wa pili alikuwa dereva wa bajaji. Aliugeuza mfuko huku na huku. "Kaka, kutia samaki humu siwezi. Chini siwezi kuuweka. Kuutupa ndiyo kabisa. Hujanipa mfuko, umeniletea mgeni wa heshima, na nyumba yangu ina chumba kimoja!"

Kufikia saa sita, mtaa mzima ulikuwa nje unacheka. Kila mteja alitoka na viatu mkono mmoja na mungu mkono wa pili.

"Tuipindue ndani nje," Kayal alinong'ona.

"Ili mungu alale ndani na viatu?" Baba alifoka. "Leo mchapaji huyu atanitambua!"

Alipoitwa, Mzee Arokiasamy alikuja na baiskeli, mikono imejaa wino. Baba alimshushia maneno mazito: mzembe, mharibifu, umenivunjia duka. Mzee alimtazama Kayal, kisha akasema polepole, "Basi nitachapa upya, kwa gharama yangu."

Kayal alijua mzee huyo hakuwa na kitu. Aibu ilimshika, akajitokeza mbele.

"Si yeye, Baba! Ni mimi. Nilimwambia umesema wewe."

Baba alimgeukia mchapaji. Kisha akamshika mzee mikono yote miwili, wino na yote, akamwomba radhi mbele ya watu.

"Ilinipasa kukupigia simu nikuulize," Mzee alisema. "Na mimi nina kosa."

Baba aliamuru mambo mawili. Kayal angemsaidia Mzee Arokiasamy kila alasiri mpaka deni la mifuko liishe. Na mifuko ya Lakshmi ingepelekwa hekaluni, watu watilie maua na nazi za sadaka.

Kayal alipoipeleka, getini alikuta vurugu. Viatu vya walioingia kusali vilikuwa vimelundikana, na watu wameinama wakitafuta vyao.

"Nani kachukua changu cha kushoto?" alilia babu mmoja, mguu mmoja una kiatu cheusi, wa pili ndala ya kijani.

Kayal alirudi mbio. "Baba, picha yako ya makubadhi ilikuwa sawa! Tufanye mifuko ya kufunga kwa kamba, mtu atie viatu vyake getini, aandike jina juu na kuvitambua!"

Baba aliongeza kamba kwenye karatasi, na safari hii Kayal aliipeleka kwa mchapaji jinsi ilivyo. Wiki moja kabla ya Dipavali, mifuko yenye makubadhi na jina la duka ilijipanga getini, na kila aliyeinama kutafuta kiatu chake alilisoma jina hilo. Mkesha wa sikukuu, viti vya kujaribia viatu havikutosha. Wengine walijaribu wamesimama, wameshikana mabega.

Mteja wa mwisho alipoondoka, Baba alimketisha Kayal karibu yake.

"Zawadi ya duka, mwanangu, usiichague kwa kung'aa. Mtazame anayepewa: ataitumia wapi, ataitumiaje? Hilo umelijifunza. Lakini picha mbaya hubadilishwa. Ungenyamaza siku ile, mtu mwema angelipia uongo wako, na mimi ningemchukia maisha yangu yote. Usimtwike mtu kosa lako tena."

"Sitarudia, Baba." Kayal aliinuka. "Na Chennai?"

Baba alivuta mlango, akautia kufuli.

"Chennai wakinitaka, waje wanunue viatu."