Tangulia, Mama

Nahla alikuwa amekwishasema "Tangulia, Mama" ndipo alipokumbuka kwamba mama yake amezikwa Houston.

Alibaki pale mlangoni, mkono mmoja umeshika kitasa, wa pili umeshika funguo, akajiona mjinga. Lakini angefanyaje? Miaka yote Bi Mwanakhamis, aliyekaa Houston kwa mwanawe Ubeid, alikuwa akija Carrollton, mwendo wa saa nne kwa gari, kwa binti yake kila msimu wa baridi. Na kila jioni, wakishasali alasiri, mama na binti walilizunguka ziwa dogo la mtaani. Bibi kajitanda kanga juu ya koti la manyoya, kavaa ndara na soksi mbili mbili, akiwasema bata bukini kwamba wanatembea kama watu wenye madeni. Wakirudi, Nahla alifungua mlango akasimama kando ili mkubwa wake apite kwanza. Ndivyo alivyolelewa Unguja, na ndivyo alivyofanya jioni ile, ingawa alitoka kutembea peke yake ili alie mahali ambapo mwanawe hatamwona.

Alikuwa anataka kuufunga mlango pale upepo ulipompita begani. Haukuwa upepo wa kuvuma. Ulikwenda polepole, kwa kituo, ukaacha harufu ya karafuu na udongo uliofukuliwa sasa hivi. Kisha kwenye sakafu ya mbao zikasikika ndara, pwata, pwata, zikielekea sebuleni.

Hadiya, mwanawe wa miaka sita, aliinua uso kutoka kwenye katuni zake.

"Hi, Bibi," alisema.

Nahla aliufunga mlango. "Bibi hayupo, mwanangu. Bibi yuko kwa Mwenyezi Mungu."

"But she's cold, Mommy," alijibu mtoto, akajisogeza kwenye kochi kumpisha mtu.

Alikuwa akijibu kwa Kiingereza siku zote. Bibi yake lilimuuma sana jambo hilo. "Siku moja tu nimsikie akinijibu kwa lugha yetu," alikuwa akisema, "nitakufa nimeridhika." Alikufa hajamsikia.

Mwanamke mwingine angempigia simu kaka yake papo hapo. Nahla hakupiga, na sababu yake ni ya kusikitisha kuliko ya kutisha: alifurahi. Siku ya maziko wanaume walilibeba jeneza wakaondoka nalo, na wanawake, kama desturi ya kwao, wakabaki ndani na vilio vyao. Yeye aliyemsindikiza mama yake kila mahali, madukani, hospitali, ziwani, hakumsindikiza safari ile. Sasa ndara zilikuwa zinatembea nyumbani kwake. Mumewe, Swafwani, dereva wa malori ya masafa, alikuwa barabarani kama kawaida yake, na hapakuwa na wa kumuuliza kwa nini anamimina chai vikombe viwili.

Hata gari lilijua. Kila alipoliwasha, taa ya mkanda ya kiti cha pembeni iliwaka na mlio ukaanza, tin, tin, tin, na kiti hakina mtu. Mama yake hakuwahi kufunga mkanda bila kukumbushwa. "Funga mkanda, Mama," Nahla alisema kwa sauti ndogo, na mkanda ukabana, ta, mlio ukakatika. Akanyoosha mkono kuwasha joto upande ule, kama zamani, kisha akaendesha kwenda kazini huku akilia na kutabasamu.

Ila mtoto alianza kuisha. Chakula alikisukuma pembeni. Mwalimu wake alisema anasinzia darasani. Mikono yake ikawa baridi kama maji ya bomba, na haikupata joto hata ukiifikicha. Wakati wa magharibi alijifungia chumbani, na Nahla, akitega sikio mlangoni, alisikia sauti ya kizee ikinong'ona maneno machache, halafu sauti ya mtoto ikiyarudia chini chini, tena na tena, kama wanafunzi wa chuoni wanavyorudia sura ya Kurani. Hakuyapata maneno yenyewe.

Jioni moja alitoka jikoni akaukuta mlango wa mbele uko wazi. Alikimbia mpaka ziwani bila koti, na alipofika alimwona Hadiya peku juu ya nyasi zilizokauka kwa barafu, anatembea ukingoni taratibu mno, mwendo wa mtu mzima mwenye miguu mibovu, mkono wake mmoja umeinuliwa juu kana kwamba umeshikwa, na bata wote wa ziwa lile, ambao kwa kawaida hawanyamazi, wamejikusanya upande wa pili kimya, wamewageuzia migongo, na kila hatua mbili za mtoto nyasi zilizokuwa kando yake zililala zenyewe, na kila zilipolala zilikuwa karibu zaidi na maji.

Alimnyakua, akarudi naye mbio. Nyuma yao ndara hazikuharakisha. Zilijua njia ya nyumbani.

Usiku haujaingia sawasawa, alimpigia Ubeid.

"Kaka, Mama yuko hapa."

"Nahla, mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea. Nimemlaza kwa mikono yangu hii."

"Najua. Sasa niliyempisha mlangoni ni nani?"

Kesho yake Ubeid alimpa simu Mzee Ngwali, binamu wa marehemu, dereva wa teksi wa Houston ambaye watu wa kwao walimwendea kuwasomea wagonjwa wao. Mzee aliongea kwa kunong'ona.

"Ulimkaribisha kwa mdomo wako?"

"Nilisema tangulia, Mama."

"Basi kaingia kwa heshima, na kwa kelele hatoki. Nikija kusoma humo ndani, atajificha kwa mtoto. Mgeni husindikizwa. Marehemu mlikuwa mkimrudishia wapi?"

"Kituo cha mafuta cha nusu njia. Mimi nam-drop pale, Ubeid anakuja kumchukua."

"Mlete pale pale. Mtoto awemo garini, maana mgeni kamshika, bila mtoto hatoki nyumbani. Mteremshe, msindikize mpaka mwisho wa lami, muage. Ila lile neno tunalomwambia kila mgeni akiondoka, usilitamke. Ukimwambia karibu tena, umempa nyumba."

"Na kama ni yeye kweli, Mzee?"

"Marehemu wetu hamli mjukuu wake. Huyu kavaa mwendo wake tu, mwanangu. Lia utakavyo, lakini mdomo ufumbe."

Waliondoka Jumamosi mchana. Gari lililia, Nahla akasema neno lake, mkanda ukabana. Njia nzima hakugeuza shingo kulia, kwa sababu pembeni mwa jicho lake palikuwa na kitu cha rangi ya kanga, na harufu ya karafuu ilizidi kuwa harufu ya udongo kadiri walivyoiacha miji nyuma na kuingia kwenye malisho ya ng'ombe, na Hadiya huko nyuma alikuwa anacheka peke yake, na Nahla alikuwa anawaza safari zote alizompeleka mama yake njia hii, chupa ya chai, mikate ya kumimina kwenye foili, mama akiuliza kila saa kama wamefika, na alijua kwamba akifika atayapoteza haya kwa mara ya pili.

Kituoni, Ubeid na Mzee Ngwali walikuwa wamesimama kando ya gari lao, mzee akivuta tasbihi. Jua lilikuwa linazama. Nahla alizunguka, akafungua mlango wa pembeni.

"Tumefika, Mama. Teremka."

Pwata. Pwata. Walitembea pamoja, ndara zikipita pampu, zikipita lori lililoegeshwa, mpaka lami ilipokwisha na nyasi kuanza. Hapo ndipo kile kitu kiliposema naye kwa mara ya kwanza, kwa sauti ile ile iliyombembeleza utotoni.

"Mwanangu, baridi. Huniambii kitu?"

Neno lilimjaa mdomoni. Alijiuma mpaka akaonja damu. Lingine alilokuwa nalo lilitoka vipande vipande. "Kwaheri, Mama. Siku ile hawakuniacha nikusindikize. Leo nimekusindikiza. Nenda salama."

Nyasi zikalala, hatua moja, hatua mbili, kuelekea kwenye ua wa malisho. Ng'ombe wakainua vichwa, wakafungua njia. Hewa ikapata joto kidogo. Ubeid alikuwa analia waziwazi, na Mzee Ngwali akapumua akasema alhamdulillahi.

Ndipo dirisha la gari likateremka. Hadiya alitoa kichwa nje, uso umemng'aa kama wa mtoto aliyehifadhi somo lake vizuri, akaita kwa Kiswahili safi, kwa lafudhi ya kizee ya Unguja, ya bibi yake mwenyewe, ambayo hapakuwa na mtu hai wa kumfunza.

"Karibu tena, Bibi. Nyumba ni yako."

Tasbihi ya mzee ilikatika, shanga zikatawanyika kwenye lami. Kule malishoni nyasi zilisimama kidogo. Kisha zikaanza kulala tena, zikija huku.

"Washa gari," alisema Mzee Ngwali. "Nenda, mwanangu, nenda."

Nahla aliendesha kuelekea kaskazini hata taa amesahau kuziwasha. Hawakufika mbali. Tin, tin, tin, kikalia kiti cha pembeni. Safari hii hakusema kitu. Aliukaza mdomo, akatazama barabara. Mkanda ukavutika wenyewe, ukabana, na sauti ya kizee ikasema, taratibu, kwa kuridhika, "Mashallah, mjukuu wangu."

Hadiya akacheka. Nahla alilia mpaka barabara ikamtoka machoni, kwa hofu ya mwanawe, na kwa jambo moja ambalo hatalisema kwa mtu: mkono wake wa kulia ulikuwa umekwishanyooka wenyewe kuwasha joto upande ule.