Fundi Bati na Binti Aliyenyamaza

Fundi bati alitengeneza ndoo na makarai kibarazani kwake, nyundo ikilia kutwa. Nyumba nzima ilizoea kupaza sauti. Mkewe akitaka chumvi, aliita kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Binti yao wa mwisho, waliyemwita Chiriku, ndiye aliyewashinda wote.

Siku moja asubuhi fundi alimpeleka shuleni. Mwalimu akamwambia, "Baba Chiriku, binti yako ni 'boisterous' sana." Mara kengele ikalia, mwalimu akaingia darasani. Fundi aliona haya kumwita arudi. Alikuwa ameitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kumbe hakuambulia kitu.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na amwulizaye asiyejua, naye huambulia mkanganyiko. Fundi alimwuliza kinyozi, akaambiwa huo ni ugonjwa wa masikio. Fundi viatu akaapa kwamba hilo ni neno la kumfukuzia mtoto shule. Fundi bati akachanganyikiwa. Kama ni masikio, basi nyundo yake ndiyo iliyomwumiza mwanawe. Kama ni kufukuzwa, atampeleka wapi? Jioni hiyo aliifunga nyundo kwa matambara, akamkataza Chiriku kupaza sauti.

Mtoto akanyamaza. Hakucheza, wala hakumaliza chakula chake. Mama yake alimshika paji la uso, hakuona homa. Fundi naye aligonga bati kwa nyundo yake yenye matambara, na bati likagoma kukunjika. Hakujua kama anamtibu mwanawe au anamwumiza, na hofu ilimjaa kweli.

Ndipo jirani yao, mkutubi, akabisha hodi. Alisema hajasikia nyundo tangu juzi, akadhani kuna msiba. Fundi akamweleza yote, akalitamka lile neno kwa shida.

Mkutubi alitaka kucheka, lakini akauona uso wa mtoto, akajizuia.

"Huo si ugonjwa, wala si shtaka," alisema. "Maana yake ni mtu mwenye kelele za furaha. Anaruka, anacheka, nguvu zimemzidi."

"Basi na nyundo yangu iko hivyo?"

"Hapana, jirani. Nyundo haina furaha. Hiyo kwa Kiingereza ni 'noisy' tu, kama injini au barabara yenye magari. Lile jingine ni la watoto wanaocheza, au wageni waliochangamka sherehani. Si tusi. Ila mwalimu akilisema, huenda anataka mtoto apunguze kidogo. Kamwulize mwenyewe."

Kesho yake fundi alikwenda, akauliza. Mwalimu aliomba radhi kwa kusema haraka haraka. Alieleza kwamba Chiriku ni mchangamfu na anapendwa, ila humwita mwenzake wa dawati moja kana kwamba yuko mtaa wa pili. Wakakubaliana. Asubuhi Chiriku atakimbia uwanjani kabla ya kuingia darasani. Nyumbani nako, watu watasogeleana ndipo wazungumze.

Fundi alirudi, akayafungua matambara. Kisha akachuchumaa karibu na binti yake, akasema kwa sauti ya chini, "Huumwi, mama. Ni baba yako aliyeogopa kuuliza."

Chiriku alimtazama kama asiyeamini. Akamnong'oneza sikioni, "Kwa hiyo naweza kupiga kelele?"

"Nje, unaweza."

Mtoto akatoka mbio, na mtaa mzima ukasikia. Fundi alikuwa ameshainua nyundo. Akaiweka chini, amsikilize.